Injini Uani, Mkwe Barazani

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwanzoni mwa mvua za vuli, na wiki hiyohiyo gari yetu ikachemsha. Nilikuwa nimetoka nyumbani Bububu kwenda Mji Mkongwe kumchukua mkwe wangu, mama wa mke wangu, aje kukaa kwetu mpaka arobaini ya mzazi imalizike. Aliingia nyuma na ndoo yake ya samli, kapu la viungo vya supu, chetezo chake cha kufukizia udi na mfuko wa kofia anazoshona. Tulipokaribia nyumbani mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na moshi mweupe ukaanza kutufuata. Nikasimama pembeni mwa barabara.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Imechemsha kidogo, mama."

"Kidogo," alisema.

Tukangoja ipoe, nikaitia maji, tukajikongoja mpaka uani kwetu. Nikaiegesha chini ya mshelisheli, mbele ya baraza.

Miaka yote ya ndoa yetu mimi na mkwe wangu hatukuwahi kuzungumza zaidi ya maamkizi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hujambo, kazi inakwendaje. Alhamdulillah mama, inakwenda. Baada ya hapo mmoja wetu alitafuta sababu ya kuondoka. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa na heshima tu, na heshima baina ya mwanamme na mama mkwe wake, kwa watu wetu, haiachi nafasi ya mambo mengi. Mtu hakai kifua wazi mbele yake, hacheki kwa sauti, wala hamtumi kitu.

Hotelini ninakofanya kazi ya kupokea wageni walinipa likizo kwa ajili ya mtoto, nami nilifikiri nitakuwa na manufaa nyumbani. Ukweli ni kwamba mwanamme katika nyumba ya arobaini ni kama kiti kilichowekwa njiani. Kila mtu anakizunguka kwa adabu. Chumba chetu kilikuwa cha mzazi na mama yake. Sebuleni palijaa wanawake waliokuja kumtazama mtoto, na kila nilipoingia mazungumzo yalikatika. Jikoni mkwe wangu alinitazama kwa upole mpaka nikatoka mwenyewe. Nikabakiwa na uani, na uani palikuwa na gari.

Fundi wangu alikuwa Pemba, amekwenda kumuoza binti yake. Nilipompigia simu na kumueleza, aliniambia nifungue kifuniko cha oili nimwambie naona nini. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili," alisema. "Gasketi ya hedi imekufa. Usiiwashe tena. Ningoje nirudi."

Nikamwambia nitangoja. Asubuhi yake nikafungua boneti.

Sikuwa mgeni kabisa wa spana. Nilishabadilisha plagi, brekipedi na pampu ya maji, na nilikuwa nimetazama kwenye simu watu wa nchi mbalimbali wakifungua injini kama yangu mpaka nikaanza kuwaota. Hedi ni kile kipande kikubwa cha juu cha injini, na gasketi ni karatasi ngumu inayolala chini yake kuzuia maji, oili na moto visikutane. Kwa maneno kazi ilikuwa nyepesi: toa hedi, badilisha gasketi, rudisha hedi. Nilijiambia kuwa nikishindwa, fundi atakuja kunisaidia na kunicheka, na kuchekwa hakuui.

Nilifanya kazi nimevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka juu, kwa sababu mkwe wangu alipenda kushonea kofia zake barazani, kwenye hewa. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Kila alipotaka kutoka alikohoa kwanza ndani ya mlango ili nijiweke sawa, halafu akatoka na mto wake, akakaa, akanipa mgongo kidogo. Hakusema kitu juu ya gari. Lakini niliona kuwa chai yangu, ambayo siku zote aliniwekea kwenye meza ya barazani, sasa aliiweka ukingoni kabisa, mbali na spana, kama mtu asiyetaka vyombo vyake vichanganywe na mambo yale.

Nilitoa maji, nikatoa oili, nikavua betri. Nikaanza kuvua mipira na nyaya, na kila nilichokivua nilikiweka chini kwenye gunia. Baada ya muda gunia lilijaa. Nikasimama nalitazama, na nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa sababu nyuma yangu nilisikia, "Na utajuaje kipi kinarudi wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza swali lisilohusu afya yangu.

"Nimepiga picha kwa simu, mama."

"Simu ikiisha chaji?"

Aliingia ndani akarudi na sinia kubwa la kupakulia pilau na kibweta chake cha nyuzi. Sinia akaliweka kwenye ngazi ya baraza. Nyuzi akazitoa moja moja: nyekundu, kijani, buluu, manjano. Alinionyesha kwa mkono bila kushuka. Mpira na mahali ulipotoka, vyote vifungwe uzi wa rangi moja. Bolti za upande mmoja zikae upande mmoja wa sinia, kwa mpangilio zilivyotoka.

"Mie kofia moja nakuwa na sindano kadhaa zenye nyuzi mbalimbali," alisema. "Nisipozipanga, nachanganyikiwa vilevile."

Kutoka hapo tulifanya kazi hivyo. Mimi navua, naita jina la kitu, namfikishia kwenye ngazi. Yeye anakipangusa kwa kitambaa na kukipanga. Ulipofika ukanda wa taimingi, ule unaofanya sehemu ya juu ya injini na ya chini zizunguke kwa pamoja, nilimwambia hapa pakikosewa jino moja tu injini inaweza kuvunjika. Akaita dirishani, "Mwanangu, ile rangi yako ya kucha iko wapi?" Mke wangu akaipitisha chupa baina ya nondo za dirisha, anacheka. Nikatia alama nyekundu kwenye magurudumu yake ya meno na kwenye ukanda.

"Mnachora maua?" mke wangu aliuliza.

"Nyonyesha mtoto," mama yake akamjibu.

Hedi ilitoka siku ya pili, na ilinishinda nguvu mpaka nikaikumbatia kifuani kama mtu anayenyanyua mbuzi. Gasketi ilikuwa imeungua baina ya silinda mbili, pameingia weusi. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyostahili. Hedi yenyewe ilibidi ipelekwe karakana mjini kusawazishwa kwa mashine, maana joto huipinda. Nikaifunga kwenye gunia la mchele, nikapanda bodaboda nayo mapajani. Kabla ya kuondoka niliosha kile kifuniko cheusi kinachogawa moto wa umeme kwenda kwenye plagi, pamoja na nyaya zake, nikavitundika kwenye msumari ukutani vikauke. Jua lilikuwa kali. Injini niliiacha wazi.

Karakanani fundi wa pale aliweka rula juu ya hedi na kunionyesha mwanga unaopita chini yake. Akanambia ningoje. Nilikuwa nimekaa kwenye tairi nangoja wakati mbingu ilipogeuka nyeusi upande wa kaskazini, upande wa kwetu. Mvua ilifika mjini baadaye, lakini huko niliiona kabisa imesimama kama pazia. Nilifikiria silinda zangu zilizo wazi zinajaa maji. Nikampigia mke wangu, hakupokea. Nikapiga tena.

Hedi ilipokuwa tayari nilirudi na bodaboda katikati ya mvua, mimi na dereva tumelowa chapachapa. Niliposhuka uani sikuona mtu barazani. Niliona turubai letu la buluu limefunika boneti iliyo wazi, na chini ya turubai, miguu miwili na pindo la kanga.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mimi, mama."

"Basi ingia, unangoja nini huko nje?"

Nikainama nikaingia. Mkwe wangu alikuwa amesimama mbele ya gari, amelishika turubai kwa mikono yote miwili juu ya kichwa chake, kwa sababu upepo ulikuwa unalinyanyua kila likiwekwa. Juu ya injini alikuwa amelaza beseni jipya la kuogea mtoto, limefudikizwa, na pembeni alikuwa ameziba kwa mataulo. Sinia la bolti lilikuwa miguuni pake, limefunikwa kwa mkeka. Alikuwa mkavu kifuani, lakini mgongo wote ulikuwa umerowa.

Nikalipokea turubai. Nilitaka kumwambia aingie ndani, lakini kutoka pale mpaka mlangoni mvua ilikuwa inapiga kama mawe. Ikabidi tusimame wote chini ya boneti, mimi na mama mkwe wangu, karibu kuliko tulivyowahi kusimama. Sikujua nitazame wapi. Nikatazama injini. Naye akaitazama.

"Marehemu alikuwa na skuta," alisema.

Marehemu alikuwa mumewe, baba wa mke wangu. Sikuwahi kumuona, alifariki kabla sijaifahamu nyumba yao.

"Ikaharibika. Sisi tukikaa ghorofa ya juu, unapajua. Ua hatuna, na chini ni njia ya watu. Basi akaipandisha juu kipande kipande. Kila jioni anakuja na kitu mkononi, leo gurudumu, kesho usukani. Akaifungua yote sebuleni kwangu. Na akaitengeneza. Sikwambii uongo, akaitengeneza, akaiwasha mle mle ndani, nyumba ikajaa moshi, majirani wakadhani tunaungua."

"Halafu, mama?"

"Halafu ikawa haishuki. Ngazi zetu unazijua zilivyo nyembamba. Nikamwambia, haya, ifungue tena uishushe kama ulivyoipandisha. Akanambia, nshaifunga vizuri, nikiifungua nitaiharibu. Ikakaa pale miaka. Nikaitandika kitambaa cha kudarizi, nikawa naweka jagi la asumini juu yake."

Nilijizuia, nikashindwa, nikacheka kwa sauti mbele ya mkwe wangu. Nilipomtazama naye alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa pindo la kanga.

"Ndo maana nilipokuona umefungua boneti nikasema, basi, yale yale. Mwanangu naye kapata wa kumjazia nyumba vyuma."

"Ulimkasirikia?"

Maji yalikuwa yamekusanyika juu ya turubai. Nikalisukuma kwa kichwa yakamwagika upande.

"Mwaka wa mwanzo nilimkasirikia sana. Baadaye nikazoea. Alikuwa akitoka kazini anaipangusa vumbi, anaizunguka, anafurahi peke yake. Mtu akiwa anafurahi ndani ya nyumba yako, utamkasirikia nini?"

Mke wangu akaita kutoka dirishani, "Mama, utaugua huko."

"Tunazungumza," mama yake akajibu.

Mvua ilipopungua tukanyanyua beseni. Ndani ya silinda palikuwa pakavu. Nilizipangusa kwa kitambaa kisafi ili kuhakikisha, kikatoka na mafuta tu. Sikujua namna ya kumshukuru mtu wa heshima namna ile. Nilisema, "Ahsante, mama," naye akasema, "Kaoge, usije ukamtia mtoto mafua."

Kufunga ilikuwa kazi ya raha kuliko kufungua. Nilikwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa wembe, taratibu, asubuhi nzima. Tukalaza gasketi mpya, tukaiweka hedi juu yake. Nasema 'tuka', kwa sababu yeye ndiye aliyeinama upande wa pili kuangalia matundu yakae sawa na kunambia nisogeze kidogo, kidogo tena, hapo. Bolti za hedi hazikazwi ovyo. Zinaanzia katikati kwenda nje, kwa zamu, na spana maalumu ya kipimo, ambayo ile karakana iliniazima. Nilichora mpangilio kwenye kipande cha boksi, mkwe wangu akaushika, akawa ananiitia namba kutoka barazani huku sindano imening'inia kwenye kofia. Nyuzi zilirudi kwenye nyuzi zake: nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Alama za rangi ya kucha zikakutana.

Nikatia oili mpya, nikatia maji, nikafunga betri. Mke wangu akaja dirishani na mtoto. Nikasema bismillahi, nikazungusha ufunguo.

Injini ilizunguka vizuri lakini haikuwaka. Nikajaribu tena. Ikazunguka, ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nikajaribu mpaka betri ikaanza kuchoka.

Nilikaa ndani ya gari na mikono kwenye usukani. Hakuna aliyesema kitu, na hilo lilikuwa gumu kuliko kuchekwa. Nikampigia fundi Pemba. Nyuma yake kulikuwa na ngoma na vigelegele, ikabidi nimueleze kwa kupiga kelele. Alivyosikia kuwa nimefungua hedi aliuliza maswali yake kwa mpangilio. Taimingi? Sawa. Petroli? Inafika. Moto? Nikatoa plagi moja, nikaangalia, cheche hazikuonekana.

"Kifuniko cha kugawa moto kilikuwa wapi wakati wa mvua?" aliuliza.

Nikakumbuka msumari ukutani. Baada ya mvua nilikipangusa kwa nje tu, nikakiona kikavu, nikakirudisha.

"Kina unyevu ndani. Kikaushe kabisa. Kwa joto dogo, usije ukakiyeyusha," alisema, akarudi kwenye harusi yake.

Jua halikuwepo, tangu asubuhi palikuwa na mawingu. Niliwaza kukiweka juu ya jiko la gesi, nikaogopa. Nikamueleza mkwe wangu shida ilivyo. Yeye hakuona shida. Kila siku alikuwa anazifukiza nguo za mtoto na za mzazi, na vuli nguo hazikauki kwa jua. Zinamalizikia kwenye fukizo. Alileta chetezo chenye makaa yaliyokwisha kuwa majivu juu, akakifunika kwa tenga la kufukizia nguo, akanambia niweke vitu vyangu hapo juu, karibu na nepi. Nikaweka kifuniko na nyaya zake.

"Ubani usitie, mama," nilisema.

"Udi ulikuwemo tangu asubuhi," alisema. "Hautadhuru."

Tukakaa barazani tunangoja, kila mmoja upande wake, na mara moja moja aliinuka kugeuza kifuniko kama anayegeuza maandazi. Nilikipeleka puani kikiwa na joto la mkono, kikavu, kinanukia kama chumba cha bibi harusi. Nikakirudisha mahali pake. Safari hii injini ilishika mara ya kwanza. Ilitetema kidogo, ikatoa moshi wa maji yaliyobaki kwenye ekzosi, halafu ikatulia, ikawa inaunguruma sawasawa. Mke wangu alimnyanyua mtoto dirishani amuone, ingawa mtoto alikuwa amelala. Mkwe wangu alisema, "Mashallah," kwa sauti ya chini, akaendelea kushona. Lakini niliona alishona pasipo pake, kwa sababu baadaye nilimuona anafumua.

Haikuwa kazi safi kabisa. Oili ilikuwa inavuja tone moja moja kwenye kifuniko cha juu, na mpaka leo inavuja, ingawa fundi wangu aliporudi aliikagua yote na kitu alichokiona kibaya ni hicho tu. Aliniuliza nani alinifundisha kufunga nyuzi. Nikamwambia mkwe wangu. Akadhani namtania.

Siku ya pili baada ya injini kuwaka nilitaka kuijaribu gari safari ndefu kidogo. Mkwe wangu alisema atafuatana nami, kwani amekaa ndani tangu alipokuja. Mke wangu angebaki na shemeji yangu, dada yake, aliyekuja kumtazama. Tukapanda barabara ya kaskazini kuelekea Mangapwani, polepole, macho yangu yakienda barabarani na kwenye mshale wa joto kwa zamu. Mshale ulifika katikati ukakaa.

"Mshale umesimama?" aliniuliza baada ya muda.

"Umesimama, mama."

"Basi tazama njia."

Tulisimama Mangapwani karibu na bahari, nikafungua boneti, nikachungulia kila pahala. Hapakuwa na maji yaliyomwagika wala moshi. Alinunua machungwa kwa mtu aliyekuwa anayamenya pembeni, tukala tumesimama, yeye upande wake wa gari na mimi upande wangu, tukizungumza habari za bei ya samaki na kama mtoto amechukua masikio ya ukoo wao au wetu. Yeye alishikilia kuwa ni ya kwao.

Tuliporudi nyumbani nilizima gari chini ya mshelisheli, nikageuka kumwambia tumefika. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, maganda ya machungwa mapajani ndani ya mfuko. Tangu aje kwetu alikuwa anaamka usiku na mtoto. Nikafungua madirisha yote hewa ipite, nikashuka bila kubamiza mlango. Halafu nikachukua limau na chumvi jikoni, nikakaa kwenye ngazi ya baraza kusugua weusi wa oili kwenye kucha, na shemeji yangu alipotokeza mlangoni kuuliza mama yuko wapi, nikamuashiria asipige kelele.